Darubini ya Bure na Gugu Maji la Dunga

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mvuvi katika ufuo wa Dunga, Kisumu. Nimesikia kwamba majasusi wa Marekani waliipa NASA darubini mbili za angani walizokuwa hawazihitaji. Je, haingewezekana moja ielekezwe Ziwa Victoria ili ituonyeshe gugu maji linakoelekea, kabla halijazoa nyavu zetu?

JIBU: Ndugu msomaji, habari hiyo ni ya kweli. Mwaka 2012 NRO, idara inayosimamia setilaiti za ujasusi za Marekani, iliipa NASA darubini mbili zenye vioo vya kipenyo cha mita 2.4, sawa na kile cha Hubble, darubini maarufu ya NASA iliyoko angani, ila zenye uwezo wa kuona eneo pana zaidi. Hazikuwa na kamera, kwa hiyo aliyepewa alikuwa kama mvuvi aliyetunukiwa mashua nzuri isiyo na injini. NASA iliwaomba wataalamu mapendekezo, yakajadiliwa Huntsville, Alabama, mwanzoni mwa 2013, na hatimaye kioo kimoja kikatengewa darubini ya Nancy Grace Roman. Hiyo imeundwa kukaa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, ikichunguza nishati ya giza, yaani nguvu isiyoeleweka bado inayofanya ulimwengu utanuke kwa kasi zaidi, na sayari za nyota nyingine, huku ziwa letu ikiwa imelipa kisogo.

Hata hivyo, sidhani kwamba tumepunjwa. Kioo kikubwa hufaa kuona kitu kidogo kwa makini, ilhali gugu maji hutanda kwa hekta nyingi, na upepo ukigeuka usiku, tandiko lililokuwa mbali ziwani mnaweza kulikuta asubuhi limeziba njia ya mashua. Linalohitajika ni jicho linalorudi mara kwa mara. Setilaiti mbili za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 hupita kila baada ya siku 5, zikipiga picha ambazo kila nukta yake ni mita 10, na picha hizo hutolewa bure. Majani mabichi huakisi kwa nguvu mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, ambao maji huumeza, kwa hiyo gugu hung'aa pichani na ziwa likabaki jeusi. Mawingu ndiyo huziba picha hizo, na kwetu hayakosekani, lakini rada ya Sentinel-1, setilaiti nyingine za Ulaya, hupenya mawingu.

Kinachopungua ni mtu wa kuzisoma picha hizo na kuwapigia simu. BMU yenu, yaani kamati ya usimamizi wa ufuo, ikiiandikia serikali ya kaunti kuomba taarifa ya kila wiki, izitaje setilaiti hizo kwa majina: Sentinel-2 kwa siku za jua, Sentinel-1 kwa siku za mawingu.