Je, viazi vilivyochemshwa na soseji ikatolewa vinavunja kujinyima nyama?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Ninafanya kazi Hispania, nyumbani kwa mama mmoja mzee. Ijumaa ya Kwaresima alipika patatas viudas, yaani viazi vya mchuzi, akasema ni chakula cha siku za kujinyima. Nilipomaliza kula akaniambia alitumbukiza kipande cha chorizo, ile soseji ya nguruwe, akakitoa kabla ya kupakua. Nimevunja amri ya Kanisa?

JIBU: Milele na milele, amina. Mwanangu, ulikula bila kujua, basi huna dhambi. Moyo wako utulie kwanza.

Lakini naona wasiwasi wako ni Ijumaa ijayo. Kanuni ya 1251 ya Sheria ya Kanisa ya sasa inatutaka tujinyime nyama, na inamhusu kila aliyetimiza miaka 14. Sheria ya Kanisa ya 1917 ilikataza hata supu ya nyama, ikiitaja. Mwaka 1966 Papa Paulo VI, katika hati yake Paenitemini, alibakiza katazo la nyama, akaruhusu mayai, maziwa na hata viungo vya mafuta ya wanyama. Kwa hiyo mchuzi ule siwezi kukuhesabia kama mnofu. Hata hivyo, kupika hivyo kwa makusudi sikushauri. Viuda ni mjane. Viazi hivyo vimeitwa wajane kwa kuwa sufuriani havina nyama wala samaki. Ukivipa mwenzi kisha ukamficha, umejinyima nini?

Tena chorizo haihitajiki kabisa. Harufu na wekundu wake hutokana na pimentón, unga wa pilipili hoho zilizokaushwa. Ule wa La Vera hukaushwa kwa moshi wa mwaloni. Kaanga kitunguu, kitunguu saumu na hoho kwa mafuta ya zeituni, tia nyanya, kisha epua kidogo ndipo utie unga huo, maana ukiungua huwa mchungu. Kiazi usikikate mpaka mwisho. Zamisha kisu kidogo, halafu kibanjue, utakisikia kikialika. Pale palipopasuka ndipo wanga hutoka, na mchuzi unakuwa mzito wenyewe.

Mama huyo usimkaripie, alikupikia kwa upendo. Mwombe tu Ijumaa akuachie jiko. Na Ijumaa Kuu, kama una umri wa miaka 18 hadi 59, kumbuka pia ni siku ya kufunga: mlo kamili ni mmoja tu.