Bwawa ya kuvulia: hesabu samaki anayefika kwa ndoano, si alevini (kitoto cha samaki) uliyonunua

Bandugu, watu wananiuliza sana kama ile bwawa yangu ya kuvulia, kwenye watu wanalipa ili wavue samaki, hapa pembeni ya Lubumbashi inaleta pesa ao hapana. Inaleta. Lakini mwaka wa kwanza nilikula hasara, na haikuwa juu ya wateja, walikuja wengi siku ya yenga na watoto wao.

Kosa ilikuwa bei rahisi. Nilinunua alevini za tilapia ndogo kabisa, nikazitia mwezi wa 5, kisha baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 ikaingia, na tilapia maji ikishuka chini ya digrii 20 anakula kidogo sana, hakui, ndege wanakuja kujiokotea tu asubuhi. Wale walibaki, joto iliporudi wakaanza kuzaa wakingali wadogo, bwawa ikajaa samaki wa urefu wa kidole wote wananyang'anyana chakula. Mtu analipa kiingilio, anavuta kasamaki kama kale, unafikiri atarudi?

Sasa ona hesabu. Tuseme alevini moja ni franka 200, ukitia 1000 umetoa 200.000. Wakifika 300 tu kwa ukubwa wa kuvuliwa, kila mmoja amekusimamia karibu 667, na pumba za mahindi za miezi yote bado hujaweka ndani. Kwa pesa ile ile ukichukua 400 waliokwisha kukua kidogo, wa franka 500, wakabaki 340, kila mmoja ni 588, na unafungua mapema. Njo maana Marekani, kwa maziwa ya watu kuvua na kuondoka na samaki, trout (samaki wa maji baridi) wengi wanatiwa wakiwa tayari wa sentimita 25 hivi.

Mimi sasa natia mwezi wa 9. Nachagua madume kama inawezekana, ili wasizae, kisha naongeza kambale wachache wadogo kuliko tilapia wangu ili wakule vitoto tu, maana kambale mkubwa atakumalizia mtaji. Mifuko ya kusafirishia ijazwe oksijeni, na ukifika uache ielee kwa maji dakika 15 hivi mbele ya kufungua, hapo watu wengi wanaua samaki kwa haraka.

Na bei: kiingilio kidogo, kisha kilo ya samaki anayepeleka nyumbani ailipe. Zamani nilikuwa na kiingilio peke yake, papa mmoja akaondoka na ndoo mbili.