Nchi moja ina alama mbili za kuhimili majanga, nishike ipi?

SWALI: Shikamoo mtaalam. Niko Mbeya mjini, nafanya kazi idara ya mipango halmashauri na jioni nasoma masters. Naandika ripoti ya uwezo wa nchi kuhimili majanga ya tabianchi, nimekuta indeksi mbili, yaani alama za kulinganisha nchi, INFORM na ND-GAIN. Moja alama ikipanda ni vibaya, nyingine ikipanda ni vizuri, na mpangilio wa nchi haulingani. Ipi iko sahihi? Na naweza kuitumia kwa wilaya?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Afadhali umeuliza kabla hujaandika, maana ripoti nyingi ninazopitia zinachukua namba moja zinaibandika ukurasa wa kwanza na hapo mjadala umefungwa.

Zote mbili ziko sawa ila haziulizi kitu kimoja. INFORM, inayoratibiwa kisayansi na kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya, inauliza ni nchi gani inaweza kuzidiwa na janga mpaka ihitaji msaada wa nje. Inaenda 0 hadi 10, na 10 ndo hali mbaya. Ndani yake kuna hatari yenyewe pamoja na watu walioko kwenye njia yake, kuna udhaifu wa watu, na kuna upungufu wa uwezo wa kukabiliana. Halafu angalia, matetemeko na vita vimo pia, siyo tabianchi peke yake. ND-GAIN ni ya Chuo Kikuu cha Notre Dame kule Marekani, yenyewe inapima udhaifu wa nchi kwa tabianchi na utayari wake wa kutumia uwekezaji kujirekebisha: unachukua utayari, unatoa udhaifu, unaongeza 1, unazidisha kwa 50. Hapo 100 ndo bora.

Sasa kuna kitu kwenye INFORM watu wanakiruka. Vile vitatu vinazidishwa halafu unatafuta kipeuo cha tatu. Chukua mfano wangu wa kufikirika, nchi A ina hatari 2, udhaifu 5, upungufu wa uwezo 8, ukizidisha unapata 80. Nchi B ina 5, 4 na 4, nayo 80. Zote zinapata kama 4.3! Moja hatari zake ni ndogo ila likitokea jambo haina mtu wa kulishika, nyingine inapigwa mara kwa mara ila imejipanga. Kwa hiyo, kwa kuwa ripoti yako ni ya uwezo, fungua hiyo sehemu ya tatu, upungufu wa uwezo, peke yake, usinukuu alama ya jumla.

Na ukishaifungua utakuta vitu kama umeme, laini za simu, barabara, maji, vyoo, madaktari, chanjo ya surua. Vitu vya maana kabisa, lakini vingi ni vya maendeleo kwa ujumla, ndo maana nchi tajiri zinapata alama nzuri karibu kila mwaka. Laini za simu ndo zinanisumbua zaidi, kwa sababu huku kwetu mtu mmoja ana laini mbili tatu, na mama anayelala na watoto pembeni ya mto hana hata moja.

Niliwahi kukaa wilayani Kyela, kwenye kijiji cha bondeni, wiki moja baada ya maji kuingia majumbani. Angalizo la Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, lilikuwa limeshatoka, mtendaji alilipata kwenye grupu la WhatsApp, simu yake ikazima chaji usiku na umeme haukuwepo. Kyela penyewe mvua ilikuwa ndogo tu, mvua kubwa ilikuwa inapiga juu milimani Rungwe, na mito yote ile inashukia bondeni. Mama mmoja akaniambia yeye aliokoa mpunga wake kwa sababu shemeji yake wa huko juu alimpigia, "huku haijaacha tangu saa nane mchana, hamisheni vitu." Akaamsha nyumba nne za jirani. Hiyo simu ya shemeji ndiyo uwezo wenyewe wa kuhimili, na hakuna indeksi yoyote inayoiona. Mpaka leo nikiandika ripoti namkumbuka yule mama.

Na siyo jambo la kijijini tu. Angalia Bangladesh. Kimbunga cha Novemba 1970, enzi hizo ikiwa Pakistan ya Mashariki, kiliua watu wasiopungua 300,000. Sidr cha Novemba 2007, nacho kikali sana, waliokufa walikuwa kama 3,400. Bado ni wengi mno, lakini linganisha. Katikati hapo, kuanzia 1972, wamejenga mtandao wa watu wa kujitolea, sasa hivi zaidi ya 70,000, wanaotembea na vipaza sauti nyumba kwa nyumba, pamoja na majengo ya kukimbilia. Nchi haikusubiri itajirike kwanza.

Kuhusu wilaya, alama ya nchi usiishushe, ni wastani, ukiipeleka Rungwe au Mbarali itakuwa uongo. Tengeneza vipimo vyako, vichache tu. Mimi ningeanza na muda: tangu tahadhari itoke mpaka imfikie mtu wa mwisho kijijini zinapita saa ngapi, na akishaipata anahitaji saa ngapi kufika sehemu ya juu. Cha kwanza kikizidi muda mto unaotumia kushuka, au hata vikijumlishwa vikiuzidi, hapo uwezo haupo hata kama sheria ya maafa ya 2022 imebandikwa ukutani na kamati ya kijiji ina mihuri. Kisha uliza kamati ilikaa lini mara ya mwisho, ina hela kiasi gani mkononi siyo kwenye bajeti, na barabara ya kwenda zahanati inapitika mwezi wa nne au inakatika.

Muda huo usiuulize kwenye dodoso, watu watakujibu unachotaka kusikia. Fanya zoezi lenyewe. Chagua kijiji kimoja, ongea na mwenyekiti, tuma ujumbe wa majaribio saa nne usiku, asubuhi pita kaya kwa kaya uandike nani aliupata, saa ngapi, kupitia kwa nani. Fanya Oktoba, kabla mvua za Novemba hazijaanza, na nyumba ambazo ujumbe haukufika ziweke alama kwenye ramani.