Damu yako ni hasi? Itafute sindano ya anti-D kabla ya uchungu

Kama kadi yako ya kliniki imeandikwa kundi la damu lenye alama ya kutoa, muulize baba mtoto naye ni kundi gani. Mimi ni O hasi, mume wangu chanya, na watoto wetu wote wamemfuata baba (mama mkwe hakushangaa).

Mtoto wa kwanza kwa kawaida hana neno. Ila damu yake ikiwa chanya na ikaingia kwenye yako, hasa wakati wa kujifungua, mwili wako unaweza kuiona ngeni ukatengeneza kingamwili. Mimba ijayo, kingamwili hizo huvuka kondo na kuvunja chembe nyekundu za mtoto. Sindano ya anti-D huziwahi chembe ngeni kabla mwili haujashtuka. Huchomwa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, na penye uwezo hata wiki ya 28. Mimba ikitoka, au ukiona damu, usikae nyumbani kusubiri.

Bei yake ilinikera mpaka mfamasia aliponieleza inakotoka. Dawa hii hutolewa kwenye damu za watu. Wachangiaji wenye damu hasi ambao tayari wana kingamwili hizo huketi kwenye mashine inayochuja plazma, yaani majimaji ya damu, na kuwarudishia chembe nyekundu. Wengine huchomwa kwanza kiasi kidogo cha chembe chanya ili kingamwili ziongezeke. Plazma ya wengi huchanganywa, protini zikatenganishwa, mara nyingi kwa baridi na alkoholi, kisha virusi huuliwa na kuchujwa. James Harrison wa Australia alichangia mara 1,173 hadi 2018, alipofikisha miaka 81 na sheria ikamzuia.

Watu wa aina hiyo ni wachache, na dawa haipatikani kila duka. Kwa hiyo mimba ikifika miezi sita, anza kuulizia hospitali utakayojifungulia: mnayo, au nije nayo? Ukiinunua mwenyewe, ibebe kwenye kibebeo chenye barafu, lakini isigusane na barafu. Hutunzwa nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda imeharibika.

Leba, mwambie mkunga mapema achukue damu ya kitovu ipimwe kundi la mtoto. Mtoto akiwa hasi, hutaihitaji sindano. Na kama kipimo cha Coombs kilishaonyesha una kingamwili, pesa yako weka kwenye vipimo vya mara kwa mara kwa daktari bingwa, maana sindano haiwezi kuziondoa.