Msafara, gwaride au maandamano ya farasi?

Swali: Katika tafsiri moja ya riwaya nimekuta "maandamano ya farasi" yakiingia mjini. Ni sahihi? Na je, tuna neno moja la watu wanaokwenda kwa safu juu ya farasi?

Jibu: Neno moja hatuna, na sababu ipo. Huku bara kwetu Afrika Mashariki mbung'o waliwamaliza farasi, hivyo misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilikwenda kwa miguu, kirangozi, yaani kiongozi wa njia, mbele, wapagazi na mizigo nyuma. Kwenye tenzi farasi wapo, lakini wa vita, kama katika Utenzi wa Tambuka wa 1728. Sema "msafara wa wapanda farasi". Ikiwa ni askari wa mfalme wakijionyesha pale London, "gwaride la askari wa farasi" linatosha. Maandamano hapo kale yalikuwa kufuatana tu, lakini leo ukiandika "maandamano ya farasi" msomaji atauliza wanadai nini. Labda majani.

Na maadamu msafara umetajwa, nitoe dukuduku langu. Siku hizi chochote kilichopangana kinaitwa msafara: "msafara wa matatizo", "msafara wa wateja nje ya benki". Jamani! Neno hili limetoka kwenye safar ya Kiarabu, ndugu zake ni safari, msafiri na usafiri. Pasipo mwendo hakuna msafara. Hao wateja wa benki kila mmoja katoka kwake, anangoja pesa zake, akishazipata anakwenda zake. Kirangozi wao ni nani, yule mlinzi wa mlangoni? Ujiji watafika lini? Hiyo ni foleni. Matatizo yana mlolongo wake, magari yaliyokwama Ubungo ni msururu. Hata ile methali, kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, imezingatia hilo: kenge kajipenyeza kwa wasio wenzake, sawa, ila anatembea.

Watu wa michezo nao wana "msafara wa timu wenye watu 30". Zamani nilinung'unika. Sasa nimewaachia, kwani wanaondoka pamoja, wanarudi pamoja, na kiongozi wa msafara wanaye, hata kama nusu yao hawajui kupiga mpira.

Ila juzi redioni mtangazaji kasema "msafara wa vikao". Nikazima redio.