Flashi, fstab na aibu yangu: kwa vijana wapya wa maabara

Wiki hii nimemtazama kijana wa mafunzo akiandika sudo mount (amri ya kupachika kifaa, yaani kuyaunganisha mafaili yake na folda, kwa haki za msimamizi) mara nne kabla ya chai, kwa flashi ileile, nami nikaona heri niandike kuliko kugomba.

1. Kwenye dawati la Linux (mazingira yenye madirisha na ikoni) kazi hiyo ni ya udisks2, huduma inayosimamia diski. Polkit, mfumo unaoamua nani aruhusiwe nini, humruhusu mtumiaji aliyeketi mbele ya mashine kupachika kifaa cha kuchomeka bila haki za msimamizi, nacho hutokea ndani ya /media au /run/media, kwenye folda yenye jina la mtumiaji huyo. Dawati likiwa jepesi mno na halipachiki lenyewe, wekeni udiskie, programu ndogo ya kupachika, iwake mtumiaji anapoingia. Aliyeingia kwa SSH, yaani kutoka mbali kupitia mtandao, ataombwa nywila, na hilo si hitilafu.

2. Msiiandike flashi ndani ya fstab, faili linaloorodhesha diski za kupachikwa mashine inapowaka. Hapa naungama. Mwaka wangu wa kwanza kazini, katika maabara ya chuo kimoja hapa Kampala, nilichoka kuitwa kila mwalimu alipochomeka flashi, nikaandika /dev/sdb1 (jina ambalo mashine huipa flashi) katika fstab ya mashine zote 20, bila noauto (usipachike mashine ikiwaka) wala nofail (kifaa kikikosekana, endelea kuwaka), kisha nikajinunulia soda ya kujipongeza. Hakuna kilichoharibika siku hiyo, kwa sababu hakuna mashine iliyozimwa. Kesho yake, asubuhi ya mtihani, umeme ukakatika, na uliporudi kila mashine iliisubiri flashi isiyokuwapo kwa sekunde 90, ikaingia hali ya dharura na kudai nywila ya ruti, msimamizi mkuu wa mashine. Nilipita moja baada ya nyingine nikifuta mstari uleule, wanafunzi wakiwa wamejaa koridoni, huku mkuu wa idara akiniuliza kwa upole ulioniuma kuliko matusi: "Ssebo, hiyo flashi inayosubiriwa ni ya nani?"

Diski ya akiba inayokaa hapo daima iandikwe kwa UUID, kitambulisho chake kisichobadilika mashine inapowashwa upya, pamoja na nofail, maana diski iliyoitwa sdb leo huenda ikaitwa sdc kesho.

3. Msimpe mtu sudo mount isiyo na nywila: awezaye kupachika chochote popote anaweza kuifunika /etc, folda ya mipangilio ya mfumo, kwa folda yake mwenyewe.

4. Toeni kwa udisksctl unmount kabla ya kuchomoa, kwa kuwa data huweza kuwa bado kwenye kumbukumbu ya kompyuta, haijafika kwenye flashi. Jana mmoja wenu alichomoa pale upau wa kunakili ulipojaa tu, ripoti ikamfikia sekretari ikiwa na baiti 0, naye akaapa kwamba ni virusi.