Kabla ya Kuanza Dragon Quest XI: Ushauri kwa Mwenye Nia ya Kuumaliza

Watu wawili wanaweza kuucheza Dragon Quest XI, mchezo wa video wa hadithi ndefu, na kutoka na hukumu zinazopingana kabisa. Mmoja atakuambia kwamba ni mchezo mpole, wenye hadithi inayozidi kunoga kila unapoendelea. Mwingine atasema kwamba ni mrefu kupita kiasi, kwamba mapigano yake ni ya kizamani, na kwamba aliuacha njiani. Mimi nimeucheza mpaka mwisho wake halisi, nimezungumza na wengi walioumaliza na wengi walioutelekeza, na nimeridhika kwamba kinachowatenganisha zaidi ni mwendo. Aliyeukimbiza ndiye aliyechoka. Karibu kila nitakachokushauri hapa kinahusu namna ya kwenda nao polepole bila kuupoteza.

Mchezo huu ulitoka Japani tarehe 29 Julai 2017, ukafika nchi nyingine tarehe 4 Septemba 2018. Toleo lililopanuliwa, linalotambulishwa kwa herufi S, lilitoka kwa mashine ya michezo ya Nintendo Switch tarehe 27 Septemba 2019, kisha likafika kwenye kompyuta, PlayStation 4 na Xbox One Desemba 2020. Nyuma yake wapo watu watatu waliokuwa pamoja tangu mchezo wa kwanza wa mfululizo huu, mwaka 1986: Yuji Horii aliyeubuni, Akira Toriyama aliyechora wahusika na mazimwi, na Koichi Sugiyama aliyetunga muziki. Sugiyama alifariki mwaka 2021 na Toriyama mwaka 2024, kwa hiyo huu ndio mchezo mkuu wa mwisho wa mfululizo kutoka wakati wote watatu wakiwa hai, jambo ambalo kwangu linaupa uzito wa pekee. Kuhusu urefu, jiandae kwa takriban saa 60 mpaka majina ya watengenezaji yapite kwenye skrini kwa mara ya kwanza, na kuelekea saa 100 au zaidi ukitaka kuona yote yaliyobaki.

Kabla hujatoa fedha, pakua toleo la kujaribia ambalo hutolewa bure. Linakupa saa nyingi za mwanzo, zinazoweza kufika 10, na ulichohifadhi humo unaweza kukihamishia kwenye mchezo kamili baada ya kuununua. Sijui njia bora zaidi ya kupima kama mwendo huu unakufaa. Ukifika mwisho wa sehemu hiyo ukiwa na hamu ya kujua kinachofuata, nunua; ukifika ukiwa unahesabu dakika, usijidanganye kwamba mambo yatabadilika sana. Na ukinunua, chukua toleo la S hata kama picha zake zimepunguzwa ubora kidogo kuliko zile za PlayStation 4 za mwanzo, kwa sababu limerekebisha karibu kila lalamiko la haki ambalo wachezaji walikuwa nalo: kasi ya mapigano inaweza kuongezwa, farasi anaweza kuitwa popote nje ya miji, sauti za Kijapani zipo kwa anayezitaka, na muziki umepigwa na okestra.

Lalamiko la kwanza utakalolisikia ni kwamba mchezo unachelewa kuanza, nami nakubaliana nalo kwa sehemu. Kijana wa kijiji cha Cobblestone anaambiwa kwamba yeye ni mteule, Luminary, anatumwa kwa mfalme wa Heliodor, na badala ya kupokewa kwa heshima anatupwa gerezani kama mwana wa giza. Humo anakutana na Erik, mwizi anayejua mengi kuliko anavyosema, nao wanatoroka pamoja. Baada ya hapo mnatembea wawili kwa muda mrefu kiasi, mapigano ni mepesi, na hadithi inaonekana kama nyingine nyingi za aina yake. Usiuhukumu hapo. Veronica na Serena hujiunga nanyi mnapofika Hotto, Sylvando baada ya Gallopolis, na Rab na Jade baada ya mashindano ya Octagonia. Kila anayeingia hubadilisha mazungumzo ya kundi zima na namna ya kupigana. Mchezo huu unafanana na utenzi mrefu, ambao beti zake chache za mwanzo hazitoshi kukuonyesha nguvu ya mtunzi.

Kilichonishika mimi ni miji yake, na hapa ndipo ninapokusihi usiharakishe. Lengo la sehemu ya kwanza ni rahisi kulieleza: kutafuta tufe sita za rangi tofauti ili muweze kuufikia mti wa uhai, Yggdrasil. Lakini kila mji mnaopita una shida yake, watu wake na namna yake ya kusema. Wafasiri wa Kiingereza walifanya kazi ambayo inastahili kusomwa kwa utulivu. Watu wa Gondolia, mji wa mifereji, huzungumza kwa lafudhi ya Kiitaliano, na wa Puerto Valor kwa lafudhi ya Kihispania, ilhali wakazi wa Hotto, mji wa chemchemi za maji moto, husema kwa haiku, shairi fupi la Kijapani lenye silabi tano, saba, kisha tano. Msomaji aliyezoea mizani ya mashairi yetu atalitambua jambo hilo kabla hajaelezwa na mtu, naye atasimama kuongea na kila mpita njia kwa raha tu. Ukibonyeza kuruka mazungumzo ili uwahi bosi (adui mkubwa) anayefuata, umetupa nusu ya ulichonunua.

Chukua kisa cha Lonalulu, kijiji cha wavuvi. Kuna nguva aitwaye Michelle anayemsubiri mvuvi aliyempenda, na wenyeji wa kijiji wana simulizi yao juu ya mvuvi huyo, simulizi yenye hofu na lawama ndani yake. Mnaingia mkidhani mmepewa kazi ndogo ya kupeleka ujumbe. Mnapoujua ukweli, mchezo unakuuliza wewe, mwenye pedi mkononi, kama utamweleza nguva yule ulichokigundua au utamficha. Safari inaendelea upende jibu lipi, hakuna zawadi inayokusukuma upande wowote, na ndiyo sababu swali linauma. Nilikaa muda mrefu kabla ya kujibu. Sitasema nilichochagua, ila nashauri usitafute jibu mtandaoni. Jibu kwa dhamiri yako, kisha uzime mchezo kwa siku hiyo. Nimeona wachezaji wanaolitaja tukio hili kama lililowafanya waupende mchezo mzima, na nimeona wengine waliolipita kwa dakika mbili wakiwa mbioni kwenda kwingine, ambao hata jina la nguva hawalikumbuki.

Hapo ndipo ilipo kanuni yangu ya kukaa na mchezo huu: kisa kimoja kwa kikao kimoja. Mimi niliucheza usiku baada ya kazi, saa moja au mbili, na niliacha pale mji ulipomaliza hadithi yake, hata kama bado nilikuwa na nguvu za kuendelea. Mchezo umejengwa kukusaidia katika hili. Unapoufungua tena hukupa muhtasari mfupi wa yaliyopita kabla ya kukurudisha njiani, na katika toleo la S wenzako hutembea nyuma yako na unaweza kuzungumza nao wakati wowote, wakakukumbusha mnaelekea wapi na kila mmoja anawaza nini. Mtu aliyekaa wiki mbili bila kucheza kwa sababu ya kazi au safari anaweza kurudi bila kupotea. Anayecheza mahali ambapo umeme hukatika azoee kuhifadhi mchezo kila anapoona kanisa au sanamu ya mungu wa kike kambini. Mchezo hujihifadhi wenyewe pia unapoingia eneo jipya, lakini mapango mengine ni marefu.

Mapigano ni ya zamu, na hili halibadiliki mpaka mwisho. Anayetaka kupiga na kukwepa kwa wepesi wa vidole atafute mchezo mwingine, wala si aibu. Kwa anayebaki, ninashauri mapigano madogo uwaachie wenzako waamue wenyewe, kwa mpangilio unaowaambia wapigane kwa busara, na uongeze kasi ya mapigano. Kisha mbele ya bosi uchukue amri za kila mmoja mkononi mwako. Mabosi wa mchezo huu hushindwa kwa maandalizi: uchawi wa kuongeza nguvu ya upande wako, wa kupunguza kinga ya adui, na kubadilishana wapiganaji katikati ya vita, jambo linaloruhusiwa na ambalo wachezaji wengi hulisahau. Erik akishika visu, kwa mfano, kwanza mtie adui sumu, halafu tumia pigo lake linaloumiza zaidi sana walioathirika hivyo. Tofauti utaiona mara moja. Pointi za ujuzi unaweza kuzirudisha na kuzipanga upya kwa malipo madogo ya dhahabu, kwa hiyo usiogope kujaribu.

Kama umewahi kumaliza michezo ya aina hii, zingatia sana skrini ya mwanzo kabisa. Humo kuna masharti ya kuongeza ugumu, likiwemo la kufanya mazimwi yawe na nguvu zaidi. Masharti haya huchaguliwa unapoanza tu; baadaye unaweza kuyaondoa, lakini ukishayaondoa huwezi kuyarudisha. Lalamiko kwamba mchezo ni mwepesi mno karibu kila mara hutoka kwa mchezaji mzoefu aliyeipita skrini hiyo bila kuisoma. Sharti la mazimwi yenye nguvu linatosha. Lile la kukataza kuvaa kinga nawaachia wanaocheza kwa mara ya pili.

Muziki nitauzungumzia kwa ufupi. Katika toleo la kwanza la PlayStation 4 ulitengenezwa kwa kompyuta, na wimbo wa safari ulirudiwa mpaka ukawachosha watu, lawama ambayo ilikuwa ya haki. Okestra ya toleo la S imeibadilisha hali, na ukiuchoka wimbo huo bado, kuna chaguo la kutumia muziki wa Dragon Quest VIII.

Sasa jambo ambalo naona ni muhimu kuliko yote. Mchezo huu una miisho miwili. Mwishoni mwa sehemu ya pili, adui mkubwa anaanguka, majina yanapita, muziki unapigwa, na kila kitu kinakuambia kwamba umemaliza. Wachezaji wengi huweka pedi chini hapo. Sitawalaumu, kwa sababu sehemu ya pili ndiyo yenye uchungu na ukomavu mkubwa zaidi: dunia imeharibika, kundi limetawanyika, na kila mmoja amebadilishwa na alichokipoteza. Ni mwisho kamili, wenye hadhi yake. Lakini ukifungua tena faili lako, kuna sehemu ya tatu, ndefu, ambayo inakupa nafasi ya kurekebisha hasara kubwa iliyotangulia.

Juu ya sehemu hiyo wachezaji wamebishana tangu mchezo ulipotoka. Wapo wanaosema kwamba inafuta majonzi ambayo tuliyalipia kwa saa nyingi, kwamba wahusika wanapoteza ukuaji walioupata kwa machozi, na kwamba gharama ya msiba haina maana kama msiba unaweza kutenguliwa. Wapo wanaosema kwamba kumpa mtu anayempenda mwenzake nafasi ya kumrudia ni jambo la kibinadamu kabisa, na kwamba bila sehemu hiyo hadithi haijafika mahali ilipokuwa ikielekea tangu ukurasa wake wa kwanza. Mimi niko upande wa pili, ingawa hoja ya wa kwanza naiheshimu na niliihisi nikicheza. Kilichonifanya nielewe pande zote mbili ni kupumzika katikati. Nilipoona majina yanapita niliuacha mchezo kwa wiki kadhaa, nikauomboleza mwisho ule kama mwisho, na niliporudi niliweza kuipokea sehemu ya tatu kama hadithi yenye swali lake. Anayeunganisha sehemu hizo mbili usiku uleule huona tu kwamba kazi imeongezwa baada ya kazi kwisha, na hasira yake naielewa.

Ukiamua kuendelea, ujue kwamba ugumu unapanda ghafla. Bosi wa mwisho kabisa hafanani na yule wa sehemu ya pili, na mimi binafsi singemkabili nikiwa chini ya leveli (kiwango cha nguvu cha wahusika) ya 65. Usizipate leveli hizo kwa kuua mazimwi ya kawaida mamia kwa mamia, kwani huko ndiko watu wanakochokea. Watafute slaimu wa chuma, mazimwi madogo ambao hutoa uzoefu mwingi na hukimbia upesi, na umweke Jade mbele akiwa na mkuki, kwa sababu ana pigo ambalo ama linakosa kabisa ama linapenya kinga yao yote. Maliza pia hadithi fupi zinazowahusu wenzako wa safari, ambazo nyingi zinapata hitimisho katika sehemu hii na hukupa nguvu mpya zikiisha. Mapishi yote ya uhunzi, mbio za farasi na michezo ya kasino viache kama havikuvutii. Nenda kwa bosi wa mwisho ukiwa bado na hamu ya kujua hadithi inaishia wapi.